Sentensi ya Kiingereza Imegoma? Kagua Vishazi Vyake

Ukikaa na madaftari ya kidato cha pili au cha tatu hapa Kigoma utakutana na mwanafunzi wa aina hii: amekariri kwamba kishazi huru husimama chenyewe na kishazi tegemezi hakisimami, na swali la kueleza maana analipata bila shida. Ukimpa insha ya ukurasa mmoja, karibu kila sentensi ina kishazi kilichovunjika. Maana ya kishazi anaijua. Hajui atazame wapi sentensi ikigoma.

Si uvivu. Kiswahili, na Kiha kwa wengi wetu huku, hufungasha mambo mengi ndani ya kitenzi. "Nilipofika" ni neno moja, lakini limembeba mtendaji, limebeba wakati, na limebeba "po" inayomwambia msikilizaji asubiri, habari bado haijaisha. Kiingereza huyatoa yote hayo nje na kuyapanga kwa foleni: "when I arrived". Anayeandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili atasahau kimoja cha kutoa nje, au atakitoa mara mbili. Makosa mengi yaliyomo humu ni ya aina hizo mbili.

Nimepanga mambo kwa dalili. Tafuta inayofanana na sentensi yako, lakini pima kwanza.

Kipimo cha kuanzia: hesabu vitenzi

Chukua penseli upigie mstari kila kitenzi kinachobeba wakati. "Went" ni kimoja. "Is" ni kimoja. "Will have gone" pia ni kimoja, ijapokuwa kina maneno matatu. "To go" na "going" vikiwa peke yake viache, havibebi wakati. Kila ulichopigia mstari ni moyo wa kishazi kimoja, na lazima ukionyeshe kiima chake.

Halafu hesabu viungo. Kwa kiungo namaanisha viunganishi kama "and", "but", "because", "when", "although", pamoja na virejeshi kama "who", "which" na "that". Vishazi viwili vinahitaji kiungo kimoja, vitatu vinahitaji viwili. Ni hesabu ya mabehewa ya treni ya reli ya kati: mabehewa matatu hushikana kwa maungio mawili, na likikosekana moja kuna behewa litabaki stesheni.

Jaribu hapa: "When the boat reached Kagunga, the traders who had come from Burundi were waiting." Vitenzi ni "reached", "had come" na "were waiting", vitatu. Viungo ni "when" na "who", viwili. Sentensi ni nzima.

Kipimo hiki kina mianya. Kiingereza huruhusu "that" na "which" zifichwe mahali fulani, kama katika "I know he is sick" au "the fish I bought". Kiungo kipo, hakijaandikwa tu. Nukta mkato nayo inaweza kushika nafasi ya kiungo. Vitenzi vya kiima kimoja vikiorodheshwa navyo hushikwa na koma, cha mwisho kikipewa "and". Zaidi ya hapo, hesabu isipolingana ujue kuna kasoro.

Dalili: sentensi imeishia hewani

"The fishermen stayed at home. Because the wind was strong."

Sentensi ya pili ina kitenzi kimoja na kiungo kimoja. Kiungo kimezidi. "Because" imenyoosha mkono kutafuta kishazi cha kushika, nukta ikaukata.

Chanzo ni mazungumzo. Mtu akiuliza kwa nini wavuvi wa Katonga hawakuingia ziwani jana, unajibu "Kwa sababu upepo ulikuwa mkali", na jibu limekamilika, maana swali lake limekushikia nusu nyingine. Waingereza wenyewe hujibu hivyo kwa mdomo. Kwenye insha hakuna anayekuuliza.

Dawa mara nyingi ni kufuta nukta tu, kwa kuwa mwenye kishazi hicho yuko sentensi iliyotangulia: "The fishermen stayed at home because the wind was strong." Ukitaka kuanza na sababu, weka koma inapoishia: "Because the wind was strong, the fishermen stayed at home."

Ipo sura ya pili ya dalili hii, na hii ni mbaya zaidi kwa sababu sentensi huwa ndefu na inaonekana imeshiba:

"The boy who sells dagaa at Mwanga market every morning before school."

Hesabu. Kitenzi ni "sells" peke yake, na ni cha "who". "The boy" amekaa pale mwanzoni akisubiri kitenzi chake, hajakipata. Mwandishi amesimulia kishazi kirejeshi mpaka akasahau alichotaka kusema kuhusu huyo kijana. Hapa huongezi kiungo, unaongeza kitenzi: "The boy who sells dagaa at Mwanga market every morning before school is my cousin."

Ukishazoea kuziba kishazi kirejeshi kwa kidole utatibu kosa jingine lililo jirani yake: "The woman who buys palm oil from the farmers live in Ujiji." Mwandishi ameona "farmers" karibu na kitenzi, akakifanya cha wingi. Ziba kuanzia "who" hadi "farmers", soma kilichobaki: "The woman lives in Ujiji."

Dalili: koma zinafuatana na hakuna kinachoshikana

"The train reached Tabora, we got down, we bought honey, we went back inside."

Vitenzi vinne, viungo sufuri. Hili ndilo kosa linalowaponza wasimuliaji wazuri wa Kiswahili, na ndiyo maana naliona kama kosa la heshima. Kwa Kiswahili hadithi hiyo haina tatizo: treni ikafika Tabora, tukashuka, tukanunua asali, tukarudi ndani. Ile "ka" inaunganisha. Kila kitenzi kinashika mkia wa kilichotangulia, koma ni pumzi tu. Kiingereza hakina "ka". Ukiitoa, koma inabaki na mzigo usio wake.

Tibu kwa kupanga uzito wa matukio. Lipi ni mazingira, na yapi ndiyo habari yenyewe? Kufika Tabora ni mazingira, basi lipe "when". Yanayobaki yote ni ya mtendaji mmoja, kwa hiyo kiima kitajwe mara moja na vitenzi viorodheshwe kama ungeorodhesha bidhaa, cha mwisho kikipewa "and": "When the train reached Tabora, we got down, bought honey and went back inside."

Wengine wakiambiwa waache koma hukimbilia "and then". Treni ikafika "and then" tukashuka "and then" tukanunua. Kisarufi hutakatwa alama. Msahihishaji atasinzia tu.

Jihadhari na "however", "therefore" na "then". Zina sura ya viunganishi, wala si viunganishi. Ni vielezi, havishiki vishazi viwili. "The lake was calm, however the fishermen stayed at home" imevunjika sawasawa na ile ya treni. Weka nukta au nukta mkato kabla ya "however", na koma baada yake: "The lake was calm; however, the fishermen stayed at home." Au tumia "but" uendelee na safari.

Dalili: viungo viwili vinagombania kazi moja

"Although it rained, but we went to Ujiji."

Vitenzi viwili, viungo viwili. Kimoja kimezidi. Kiswahili kinavumilia: "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Tena wapo wanaoona "lakini" inanogesha. Kiingereza hakivumilii. Chagua "although" ufute "but", au kinyume chake. Vivyo hivyo kwa "because" ikifuatwa na "that is why" au "so" katika sentensi ileile.

Jirani yake ni "Despite he was tired" na "Because of it rained". "Despite" na "because of" hufuatwa na kirai cha nomino, hazishiki kishazi. Ukiona kiima na kitenzi baada yake, badilisha kiungo kiwe "although" au "because".

Dalili: kiima hakipo

"Is raining." "When arrived home, we slept." Kwenye "inanyesha" kiima ni ile "i" ya mwanzo, na jicho la Mswahili limezoea kukikuta ndani ya kitenzi. Kiingereza kinakitaka kikae nje, hata pale ambapo hakuna mtendaji wa kutajwa. Ndiyo sababu wanasema "it is raining", na ndiyo sababu "In Kigoma has many palm trees" haikubaliki. Sema "Kigoma has many palm trees" au "There are many palm trees in Kigoma."

Dalili: neno moja limetajwa mara mbili kwenye kishazi kirejeshi

"The fish which I bought it at Kibirizi was fresh."

Nikipewa kuchagua kosa moja la kufuta kwenye mkoa huu, ningechagua hili. Hesabu ya vitenzi na viungo inalingana kabisa, hivyo kipimo cha kwanza hakilinasi. Tazama Kiswahili chake: samaki niliyemnunua. Ndani ya kitenzi hicho "ye" inamtaja samaki, na "m" inamtaja tena samaki yuleyule. Zote mbili ni halali. Kwa hiyo mwanafunzi akitoa vitu nje, anatoa "which" kwa ajili ya "ye", na "it" kwa ajili ya "m". Amefuata mantiki ya lugha yake vizuri, ila Kiingereza kimempa kiti kimoja tu.

Pima hivi. Vunja sentensi iwe mbili kamili:

"The fish was fresh. I bought the fish at Kibirizi."

Sasa ziunganishe kwa kumchukua "the fish" wa sentensi ya pili, kumgeuza "which" na kumhamishia mbele. Akishahama, kiti chake kimebaki wazi, na kinatakiwa kibaki wazi: "The fish which I bought at Kibirizi was fresh." Ukikalisha "it" pale umemwita samaki mmoja mara mbili.

Kipimo hicho hicho kinanasa kosa la kinyume, ambapo kitu kimesahauliwa. "The canoe which we travelled was small." Ivunje: "The canoe was small. We travelled in the canoe." Ile "in" imekwenda wapi? Kiswahili husema "mtumbwi tuliosafiria", na ule mwisho wa kitenzi umebeba kazi ya "in" bila kelele. Kiingereza kinaitaka waziwazi: "The canoe which we travelled in was small", au kwa uandishi rasmi, "The canoe in which we travelled was small." Vivyo hivyo nyumba ninayoishi ni "the house which I live in", si "the house which I live".

Kisha kuna "My uncle who lives in Ujiji he is a fisherman". Ziba kishazi kirejeshi kwa kidole: "My uncle he is a fisherman." Viima viwili, kitenzi kimoja. Futa "he".

Dalili: "will" na "would" zimeingia zisikotakiwa

"When I will reach Kigoma, I will call you."

"Nitakapofika Kigoma, nitakupigia." Kiswahili huweka wakati ujao pande zote mbili. Kiingereza huuweka kwenye kishazi huru tu, na kishazi tegemezi cha wakati au sharti hubaki na wakati uliopo: "When I reach Kigoma, I will call you." Sheria hii inazihusu pia "if", "after", "before", "until", "unless" na "as soon as".

Mwanafunzi makini atauliza: mbona naona "I do not know when the boat will leave" kwenye vitabu? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha aliyeelewa na aliyekariri. Uliza kishazi hicho kinajibu nini. Nitakupigia lini? Nikifika Kigoma. Kinajibu "lini", kwa hiyo ni kishazi elezi, na "will" haitakiwi. Sijui nini? Boti itaondoka lini. Kinajibu "nini", kwa hiyo kimekaa mahali pa nomino, na hapo "will" ni ruhusa. "When" ni ileile, kazi ndiyo imebadilika.

Upande wa sharti lisilo la kweli kuna mtego mkubwa zaidi. "Ningekuwa na fedha, ningenunua mtumbwi." Tumefundishwa, tena kwa viboko vya alama, kwamba "nge" ikikaa upande mmoja lazima ikae na wa pili. Nidhamu hiyo ikihamia kwenye Kiingereza inazaa "If I would have money, I would buy a canoe." Kiingereza kinataka pande zitofautiane: upande wa "if" unachukua wakati uliopita, upande wa pili ndio wenye "would". "If I had money, I would buy a canoe." Ile "had" haizungumzii jana. Inaonyesha tu kwamba jambo hilo ni la kuwazia.

"Ningalijua, ningalikuja" nayo ina jozi yake: "If I had known, I would have come." Ukitaka njia ya haraka ya kukagua, tafuta "would" karibu na "if" ndani ya kishazi kimoja. Ukiikuta kwenye insha ya kidato cha nne, ifute bila kujadiliana.

Dalili: swali limo ndani ya sentensi na bado linauliza

"He asked me where is the station." Likiwa swali kamili, Kiingereza hutanguliza kitenzi: "Where is the station?" Likishamezwa na "he asked me" linakuwa kishazi cha nomino, na kishazi hakipindui mpangilio: kiima kwanza, kitenzi baadaye, na wakati unarudi nyuma kumfuata "asked". "He asked me where the station was." Alama ya kuuliza nayo iondoke. Ukiona "do", "does" au "did" imejitokeza ndani, kama "She asked where did I live", ujue swali bado halijafa. "She asked where I lived."

"He asked me that where..." ni kosa la viungo viwili, nalo umeshalitibu juu.

Dalili: koma imebadilisha habari

Hapa sentensi haijagoma, inasema kitu kingine.

"The passengers who had tickets boarded the train." Bila koma, waliopanda ni wenye tiketi. Wengine wamebaki nje ya stesheni.

"The passengers, who had tickets, boarded the train." Kwa koma, abiria wote walikuwa na tiketi, na wote wamepanda.

Kishazi kisicho na koma kinachagua. Chenye koma kinaongeza habari juu ya kitu ambacho tayari kinajulikana. Kwa hiyo jina la pekee likifuatwa na kishazi kirejeshi, kwa kawaida weka koma: "The Liemba, which the Germans built in 1913, was sunk in 1916." Liemba ni moja, hakuna ya kuchagua. Ukiandika "the ship which the Germans built in 1913", koma haziingii, maana meli ni nyingi na kishazi ndicho kinachotuambia ipi. Na ndani ya koma hizo usitumie "that". "Lake Tanganyika, that is 1,470 metres deep" irudishwe kuwa "which is".

Aya ya kujipima

Aya ifuatayo nimeitengeneza kwa kuchanganya dalili. Isahihishe kabla hujasoma chini yake.

"Last year I visited my uncle he lives in Tabora. Although the train was late but I enjoyed the journey. When we arrived, my uncle asked me where was my bag. I told him the bag which my mother gave it to me was lost. I think somebody took it at Kaliua."

Sentensi ya kwanza ina vitenzi viwili na haina kiungo: geuza "he" iwe "who", na kama mjomba ni huyo mmoja, tia koma kabla ya hiyo "who". Ya pili ina kiungo cha ziada, futa "but". Ya tatu imemeza swali bila kulinyoosha: "where my bag was". Ya nne ina vitenzi vitatu na kiungo kimoja kinachoonekana, "which". Cha pili ni "that" iliyofichwa baada ya "told him", na hilo linaruhusiwa. Ugonjwa wake ni "it", begi limeitwa mara mbili.

Ya tano wengi huikata kwa kalamu nyekundu wakiona vitenzi viwili bila kiungo, na "it" juu yake. Iache kama ilivyo. "That" imejificha baada ya "think", na "it" hii ina kiti chake halali, kwa sababu kwenye kishazi hicho hakuna "which" iliyohama.